Niambie Unaona Nini

Arusha inajulikana kwa wanyama ambao hawaishi mjini Arusha. Simba wako Serengeti, faru wako ndani ya kreta ya Ngorongoro, tembo wako Tarangire. Sisi tuna magari ya kuwapeleka watu huko. Asubuhi za msimu, Meru ikiwa bado imejifunika, utayaona yamepanga foleni kwenye sheli za Barabara ya Sokoine na za njia ya kwenda Moshi, Land Cruiser nyuma ya Land Cruiser, madereva wamejikunyata ndani ya masweta. Mlima ukijifunua, wageni huupiga picha. Sijawahi kuona mgeni anapiga picha filta ya dizeli, ingawa ndiyo inayoamua kama jioni atamwona simba au atakuwa amekaa juu ya jiwe Makuyuni akisubiri fundi.

Sisi nyumbani tuliishi kwa gari moja la namna hiyo. Baba aliendesha watalii kwa miaka mingi kwenye gari la watu, kisha akanunua Land Cruiser kuukuu iliyokuwa inastaafishwa, akaitengeneza paa la kunyanyuka na viti saba, akaanza kukodishwa yeye na gari lake. Gari lilisomesha watoto watatu. Lilikaa uani kwetu, Tengeru, chini ya mgrivea mkubwa, na mama alikuwa akilitaja kama mtu: "Limeamkaje leo?"

Injini yake ni 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2 ambayo Toyota waliianza mwaka 1990 na ambayo huku kwetu imekuwa kama jembe: kila fundi anaijua, na kila duka la spea lina kitu chake. Haina kompyuta. Pampu inavuta dizeli kutoka kwenye tanki, inaipitisha kwenye filta, inaibana, inaigawa kwa nozo sita. Ni hivyo tu. Lakini ndani ya ile pampu kuna vyuma vinavyopishana kwa nafasi ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na hakuna oili nyingine inayovilainisha zaidi ya dizeli yenyewe. Kwa hiyo dizeli inafanya kazi mbili, kuwaka na kulainisha. Ikiingia na mchanga, pampu inasuguliwa kwa msasa. Ikiingia na maji, vyuma vinapata kutu na nozo zinaharibika ncha.

Baba alikuwa na sentensi moja kuhusu jambo hili, na niliisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia hadithi za sungura na fisi. "Hakuna gari lisilo na filta. Usipoiweka wewe, pampu ndiyo inakuwa filta."

Alikuwa na sheria zake. Hakujaza mafuta kwenye sheli ambayo lori la mafuta lilikuwa linashusha mzigo, kwa sababu wakati ule matope ya chini ya tanki la ardhini yanakuwa yamevurugwa. Aliegesha gari likiwa na tanki lililojaa, ili lisibaki na nafasi ya hewa yenye unyevu. Na maji aliyamwaga asubuhi, kabla ya kuwasha injini. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo usiku kucha hushuka na kutulia chini. Ukishaendesha gari, yanachanganyika tena na huyapati. Alifungua kile kiboya cha chini ya filta, akakinga kwa chupa ya jamu, akaiinua juani, akaitazama, kisha akaandika kwenye daftari la mistari: tarehe, kilomita, sheli aliyojaza, na neno moja. "Safi." Au "Maji kidogo." Au, mara chache, neno ambalo mama hakupenda lisomwe mbele ya watoto.

Mwaka 2017 alirudi safarini akiwa na furaha ambayo si ya bahashishi peke yake. Alikuwa amembeba mzee mmoja Mzungu aliyezunguka dunia kwa boti ya tanga na kuitia nanga Tanga. Baba alipenda sana maneno hayo, akayarudia kwa kila jirani: boti ya tanga, Tanga. Walikuwa wamekaa Ndutu mchana mzima kwa ajili ya jua kali, wageni wengine wamelala, na yule mzee akauliza kama anaweza kufungua boneti. Wakaongea filta hadi saa kumi.

Nilichokielewa kutokana na masimulizi ya baba ni hiki. Boti ya tanga inaenda kwa upepo, lakini ina injini ndogo ya dizeli, na injini hiyo inalala wiki nzima bila kuguswa. Dizeli inakaa tankini. Unyevu unaingia. Pale maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu na kuvu, vinavyotengeneza ute mweusi. Bahari ikiwa shwari, uchafu wote umetulia chini na injini inaunguruma vizuri. Siku ya dhoruba, boti inaporuka, tanki linatikisika, uchafu unapanda, filta inaziba, injini inazimika. Yaani inazimika siku ile ile ambayo tanga limeshushwa, upepo ni mkali, na mlango wa bandari una miamba pande mbili.

"Nikamwambia, mzee wangu, hiyo si bahari, hiyo ni barabara ya Serengeti," baba alisema. Barabara ile ikijikunja kama bati, gari linatikiswa kwa saa nne mfululizo, na kila kilichokuwa kimelala tankini kinaamka.

Yule mzee alimchorea kwenye daftari. Filta mbili zikifuatana. Ya kwanza, karibu na tanki, ni ya matundu makubwa kidogo, ya mikroni 10 au 30, na chini yake ina bakuli la kuona ndani, ambamo maji hujitenga. Ya pili, iliyo kwenye injini, ndiyo inayozuia vidogo kabisa. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu ni mnene mara nyingi kuliko punje inayoweza kuanza kukwaruza pampu. Maana ya kuwa na mbili ni ile ile ya mwanamke anayepepeta kabla ya kuchekecha. Ukimwaga mahindi na pumba zake kwenye chekeche la unga, haliwi safi zaidi, linaziba tu. Na kwenye boti yake, alisema, ile ya kwanza alikuwa nayo pacha: mbili zimekaa sambamba na koki katikati, ili moja ikiziba ugeuze koki na injini isizimike.

Baba hakuweza kununua pacha. Alinunua moja, yenye bakuli, iliyotolewa kwenye lori Unga Limited, akaisafisha, akaifunga kwenye chasisi kabla ya filta ya injini. Mafundi wenzake walimcheka kwamba ameweka kisima ndani ya gari.

*

Machi 16, 2020 kilitangazwa kisa cha kwanza cha korona nchini, na kilikuwa hapa Arusha. Ndani ya wiki chache safari zote za msimu zikafutwa, moja baada ya nyingine, kwa barua pepe za upole. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasitishwa. Zilifunguliwa tena Mei 18, lakini wageni hawakurudi na ndege ya kwanza, wala ya kumi.

Mwaka ule ndio niliona magari ya Arusha yamesimama. Kila uwanja kuanzia Sakina hadi Usa River ulikuwa na safu za Land Cruiser zimekaa kimya, nyasi zinapanda matairi. Madereva wakawa bodaboda, wakawa wakulima wa nyanya, wakawa hawasemi walichokuwa. Mimi nilikuwa nimemaliza shahada ya uhasibu mwaka uliotangulia na nilikuwa nyumbani, nikiandika barua za kuomba kazi kwa ofisi ambazo nazo zilikuwa zinapunguza watu.

Letu lilisimama na robo tanki. Baba alikuwa na kanuni ya tanki lililojaa, lakini kanuni inahitaji fedha, na fedha iliyokuwepo ilikuwa ya unga na ya marejesho ya mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, mkopo ambao dhamana yake ilikuwa kadi ya gari hilo hilo. Masika yalinyesha. Usiku chini ya Meru ni baridi, mchana ni joto. Hewa ndani ya tanki tupu inavuta unyevu na kuuacha kwenye kuta. Na mfuniko wa tanki ulikuwa na raba iliyochoka.

Watu walikuja kulitaka gari. Mmoja alikuja na fedha taslimu kwenye bahasha ya kaki, akalizunguka, akapiga tairi teke, akataja bei ambayo mama aliisikia akiwa jikoni na akatoka nje kumwangalia aliyeitaja. Baba alimkaribisha chai. Alipoondoka baba alisema, "Akili ya mtu huyu imekaa vizuri. Anajua bei ya kitu siku ambayo mwenyewe amechoka."

Novemba simu iliita. Familia ya Dar es Salaam, watu sita, walikuwa wamezoea kwenda nje ya nchi kila Krismasi na mwaka huo hawangeenda. Walitaka siku sita: Tarangire, Ngorongoro, Serengeti. Malipo yake yangelipa miezi mitatu ya mkopo na ada ya mdogo wangu. Baba alisema ndiyo kabla hawajamaliza sentensi.

Asubuhi iliyofuata aliniamsha saa kumi na mbili.

"Mama, njoo unisaidie."

Baba huniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Alikuwa amekaa juu ya dumu kando ya gari na chupa ya jamu mkononi. Sikuwa nimewahi kuitwa kwenye kazi ile. Kaka zangu ndio walioitwa, na wote wawili walikuwa mbali. Aliniambia nilale chini, nifungue kiboya, nikinge, kisha nifungue nati ya chini ya tanki, nikinge tena. Nilifanya. Ilinimwagikia hadi kwenye kiwiko, na harufu yake ilikuwa si ya dizeli, ilikuwa ya kitu kilichooza.

Nilimpa chupa. Aliipokea, akaiinua kama kawaida yake, akaizungusha. Akaileta karibu na uso. Akageuza kichwa upande, kama kuku anayekagua punje. Kisha akanirudishia.

"Niambie unaona nini."

Nilidhani ananifundisha. Nikasema kuna tabaka tatu. Chini kuna maji, ya rangi ya chai ya maziwa. Juu kuna dizeli, imefifia. Katikati kuna kitu cheusi.

"Cheusi cha mchanga au cha ute?"

"Ute. Kinaning'inia kama nyuzi."

"Kina unene gani?"

Nikaweka kidole kwenye chupa kumwonyesha. Hakutazama kidole changu. Alikuwa anatazama mahali ambapo sauti yangu ilikuwa inatoka, na ndipo nilipojua. Nikakumbuka chai iliyokuwa inamwagika kando ya kikombe. Nikakumbuka kwamba tangu Mei alikuwa hatoki usiku, na kwamba alikuwa anashika mlango kabla ya kupita. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapapasa spana iliyokuwa imelala wazi kabisa pembeni yake.

"Tangu lini, baba?"

"Andika kwanza," alisema. "Tarehe, kilomita. Andika: maji mengi, na kuvu."

*

Kuna jambo ambalo filta haiwezi, na baba alinieleza siku hiyo wakati tunalimwaga tanki lote kwenye madumu. Filta inazuia kinachoelea. Haizuii kilichoyeyuka. Kizazi changu kilijifunza neno kuchakachua kutoka kwenye mafuta kabla halijahamia kwenye kura na vyeti: watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, ndani ya dizeli. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yajulikane, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi ile faida ya kuchanganya ikapotea. Kabla ya hapo, baba alisema, ungeweza kuwa na filta bora kuliko zote na bado pampu yako ikaisha, maana mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli na yanapita kwenye karatasi yoyote. "Kwa hiyo filta ya kwanza ni kichwa chako. Unachagua unanunua wapi. Ya pili ndiyo hii ya dukani."

Alinituma mjini kununua hiyo ya dukani. Kwa kawaida angeenda mwenyewe.

Muuzaji aliniwekea tatu juu ya kaunta. Ukubwa mmoja, uzi mmoja, rangi tofauti. Moja ilikuwa ya kampuni ya gari. Moja ilikuwa ya kampuni nyingine inayojulikana kwa filta. Ya tatu ilikuwa kwenye boksi linalofanana na la ile ya kwanza, isipokuwa herufi zilikuwa zimevimba kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi.

"Dada, zote zinachuja," alisema. "Hapo unanunua jina tu."

Kwa bei ya ile ya kwanza ningepata za tatu nne, na nne zingetosha mwaka. Mimi ni mhasibu. Nilipiga hesabu hiyo pale pale. Kisha nikafanya alivyoniambia baba. Nikazipima mkononi: ya tatu ilikuwa nyepesi. Nikachungulia kwenye tundu la katikati kuona mikunjo ya karatasi: ya kwanza ilikuwa imebanana kama kurasa za kitabu, ya tatu ilikuwa na mapengo. Nikabonyeza raba kwa kucha: ya tatu ilibaki na alama. Karatasi yenye mikunjo michache ina eneo dogo la kuchujia, na gundi ikiwa mbaya mwishoni mwa mikunjo, dizeli haihangaiki kupita kwenye karatasi. Inapita pembeni.

Nikanunua mbili za kwanza na mbili za ile kampuni ya filta, na kipande kipya cha ile yenye bakuli, cha mikroni 10. Fedha hiyo ilikuwa imetengwa kwa ajili ya tairi la akiba. Tairi la akiba tuliazima kwa jirani.

Nilipitia gereji Unga Limited kumwomba fundi wa siku zote aje Tengeru kutusaidia kuosha tanki. Nikamkuta amezungukwa na filta zilizokwisha kazi, akizikata kwa msumeno wa chuma kumfundisha kijana wake. Mbili zilikuwa zimelala wazi juu ya gunia, zote zimetoka kwenye magari ya utalii. Karatasi ya moja ilikuwa nyeusi tii, imelowa, ukiigusa unapata lami. Ya nyingine ilikuwa karibu nyeupe.

"Ipi nzuri?" fundi aliniuliza.

Nikanyoosha kidole kwenye nyeusi. Akacheka kwa furaha. "Wateja wangu wote wanasema nyeupe. Hiyo nyeupe imekaa kwenye gari muda mrefu kuliko hii. Uchafu wake uko wapi?" Akaonyesha kwa kidevu benchi lililokuwa upande wa pili, ambapo pampu ilikuwa imefunguliwa, vyuma vyake vimepangwa juu ya gazeti.

Alikuja kesho yake. Tuliosha tanki kwa dizeli safi mara tatu, tukabadilisha raba ya mfuniko, na mipira miwili ya kupitishia mafuta ambayo ilikuwa na nyufa. Hapo kuna siri ambayo sikuijua: kutoka kwenye tanki hadi kwenye pampu, dizeli inavutwa, haisukumwi. Mpira ukipasuka upande huo haudondoshi tone hata moja. Unanyonya hewa. Gari linakosa nguvu, linazimika, na ukitafuta panapovuja hupaoni, kwa sababu hapavuji kuja nje.

Fundi alipotaka kuijaza filta mpya kwa dizeli ya dumu kabla ya kuifunga, ili asihangaike kutoa upepo, nilimzuia. Dizeli hiyo ingeingia moja kwa moja upande ambao umeshachujwa. Nikamwomba aipake raba dizeli kidogo, aikaze kwa mkono, raba ikigusa aongeze robo tatu ya mzunguko, kisha tupige pampu ya mkono hadi iwe ngumu.

"Dada, umesomea filta chuo gani?"

Baba, aliyekuwa amekaa kwenye dumu lake, alijibu badala yangu. "Chuo cha Tengeru. Ada bado anadaiwa."

Tulilijaribu kwa kulipandisha Nkoaranga na watu wanane na magunia mawili ya mahindi. Mlimani ndipo filta inaposema ukweli. Kwenye tambarare injini inakunywa kidogo, na hata filta iliyoziba nusu inatosha. Mzigo ukiwa mkubwa na barabara ikisimama, injini inataka mafuta mengi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo inapokosa pumzi. Halikukosa. Aliyeendesha alikuwa mtoto wa baba mdogo, dereva mwenye leseni na cheti cha kuongoza watalii, aliyekuwa ameuza simu yake mwezi Julai. Baba alikaa kiti cha pembeni. Alisema anataka kusikiliza injini. Hakuna aliyemuuliza swali.

Safari iliondoka wiki ya Krismasi. Baba alikuwa amemwambia binamu yangu kwamba filta ya kwanza ni ya kufa: tanki hata ulioshe vipi, kuta zake zinabaki na ngozi ya ule ute, na barabara mbaya itaubandua. Siku ya tatu, wakipanda kutoka ndani ya kreta, gari lilianza kupungua nguvu. Binamu alipiga simu kutoka ukingoni. Mama aliiweka sauti ya juu mezani, kati ya vikombe.

"Bakuli likoje?" baba aliuliza.

"Jeusi, baba mkubwa."

"Maji?"

"Hapana. Nyuzi nyuzi."

"Mwaga. Badilisha zote mbili. Wageni wako wapi?"

"Wanapiga picha nyati."

"Waambie unalinywesha gari maji. Toa upepo taratibu, usipige pampu kwa hasira."

Tulikaa kimya mezani. Baba alikuwa anahesabu kwa vidole, hatua kwa hatua, kana kwamba mikono yake ilikuwa kule. Baada ya nusu saa ukaja ujumbe mfupi. Injini imewaka. Walifika Seronera kabla ya giza, na siku ya mwisho watoto wa familia ile walimchorea binamu picha ya gari lenye simba juu ya paa.

*

Januari 2021 tulimpeleka baba kupima macho. Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Baba alieleza kwamba halikuwahi kumuuma. Daktari alisema ndivyo ugonjwa huo ulivyo: unaanza pembeni, polepole, ubongo unajaza mapengo, na mtu anajiona mzima hadi siku anapogonga mlango. Hakuna maumivu na hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi. Kinachouona mapema ni kipimo tu, na kipimo baba hakuwahi kukifanya. Mtu yule aliyeinua chupa ya jamu juani kila asubuhi ya safari kwa miaka mingi, aliyeweza kukuambia gari lako lilijazwa mafuta wapi kwa kuinusa filta, hakuwa amekaa hata mara moja mbele ya mashine ya macho.

Nilikasirika kwa muda mrefu. Nilikasirikia jinsi wanaume wa hapa wanavyolijua tumbo la gari kuliko mwili wao, na jinsi tulivyomsifu kwa hilo. Sasa hasira imepungua, kwa sababu naona sababu yake. Gari likizimika, watoto hawaendi shule kesho. Jicho likififia, kesho bado unafika. Alichuja kile ambacho kingetuumiza mara moja. Kingine kilipita pembeni.

Matone aliyoandikiwa hayarudishi kilichopotea. Yanalinda kilichobaki. Yanawekwa kila usiku, saa ile ile, maisha yote, na ukiruka siku huoni tofauti, ndiyo maana watu wengi wanaacha. Mimi ndiye ninayemwekea. Analaza kichwa nyuma, ananiuliza mafuta yanauzwaje na nani yuko barabarani.

Gari bado lipo. Binamu analiendesha, mimi naweka hesabu, na mkopo ule ulikwisha mwaka 2022. Wageni wamerudi, na ubishi wa nyumbani sasa ni kama tununue gari la pili, jipya zaidi, la injini za kisasa ambazo dizeli ndani yake hubanwa kwa nguvu mara nyingi kuliko kwenye 1HZ. Binamu analitaka kwa nguvu zake na utulivu wake. Baba anasema halisamehe: tone la maji ambalo gari letu lingelikohoa tu, lile litalifia. Anasema tukilinunua basi tufunge pacha, kama boti ya yule mzee, na tuache kuhesabu filta kama matumizi. Nimeanza kuziandika kwenye safu tofauti ya hesabu zangu. Bado sijaipa jina.

Daktari alituambia jambo moja zaidi tulipokuwa tunatoka. Ugonjwa huu hufuata damu. Watoto wa mgonjwa wapimwe, na wapimwe kila mwaka, hata wakiona vizuri; hasa wakiona vizuri. Kaka zangu walisema watapima wakipata nafasi. Mimi nilipima mwezi uliofuata na nimepima kila Februari tangu wakati huo. Naandika kwenye daftari lile lile la mistari, kati ya kilomita na sheli, na baba akinisikia nafungua ukurasa huniuliza nimeandika nini. Mwaka huu nilimsomea neno moja. Safi.